Nyumba moja, majina matatu: Kaburu, Boer au Mwafrikana?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Mbeya, nasoma shahada ya uzamili huku Stellenbosch, Afrika Kusini. Nimepanga chumba kwa familia ya Kizungu inayoongea Kiafrikana. Juzi nilikuwa naongea na mama kwa simu, nikamwambia, "Kaburu wangu huyu ana roho nzuri, hata kodi hanisumbui." Kumbe mpangaji mwenzangu, Mkongomani wa Lubumbashi, ananisikia. Jioni mezani akamtafsiria mwenye nyumba huku anacheka. Yule mama akaniangalia, akasema, "Mimi si Boer, mimi ni Afrikaner." Mumewe akadakia, "Mimi ni Boer, na sioni haya." Kijana wao akasema yeye si hiki wala kile, yeye ni Mwafrika. Nilitamani ardhi ipasuke. Nani yuko sahihi? Kaburu ni tusi? Na niwaiteje?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Pole kwa aibu, ila huyo Mkongomani mshukuru. Amekuletea mezani, bure, somo ambalo watu hulitafuta maktaba kwa miaka.

Wote watatu wako sahihi, kwa sababu hawakuwa wanajibu swali moja. Baba ametaja kazi ya mababu zake. Mama ametaja taifa lake. Kijana ametaja bara alilozaliwa. Na wewe kwenye simu ulitaja serikali, serikali ambayo imeshaondoka. Hapo ndipo mlipopishana. Neno lako lilikuwa la nne mezani, na ndilo pekee ambalo hakuna aliyekaa pale aliyewahi kujipa.

Tuanze na neno la baba. "Boer" kwa Kiholanzi ni mkulima, basi. Mtu wa shamba, mwenye ng'ombe na jembe. Jan van Riebeeck alipotia nanga Rasi ya Tumaini Jema tarehe 6 Aprili 1652, hakutumwa kuanzisha taifa. Alitumwa na Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki kufungua kituo cha mboga, maji na nyama kwa ajili ya meli zinazokwenda Asia. Waliokuwa naye walikuwa waajiriwa. Mwaka 1657 Kampuni iliwaachia tisa kati yao wawe watu huru, wapewe mashamba, waiuzie mazao yao. Hao waliitwa "vryburgers", raia huru. Baadaye wakaja Wajerumani wengi, na kuanzia 1688 Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia kuteswa kwao. Ndiyo maana majirani zako hapo wanaitwa Du Toit, De Villiers, Le Roux. Waliobaki karibu na bandari walikuwa "burgers", raia. Waliochukua magari ya ng'ombe wakahamahama ndani kutafuta malisho, wakipora ardhi ya wenyeji, Wakhoi na Wasan, kadiri walivyosonga, waliitwa "trekboere". Unaona basi kwamba tangu mwanzo kulikuwa na watu wa mjini na watu wa malisho, na kila upande ulimtazama mwenzake kwa jicho la pembeni.

Neno hilohilo lilisafiri na Waholanzi hadi makoloni mengine na huko likapata maisha yake. Suriname kuna kizazi cha wakulima wa Kiholanzi waliopelekwa mwaka 1845, wakafa wengi sana kwa maradhi, na waliosalia mpaka leo wanaitwa "Boeroes". Sri Lanka ni lile la raia lililoganda: wazao wa Wazungu wa enzi ya Kampuni wanaitwa "Burghers", hata ambao damu yao ya Kizungu ni tone tu. Indonesia Waholanzi walikwenda mbali zaidi. Waliajiri askari Waafrika kutoka Elmina, Ghana ya leo, na wenyeji wa Java wakawaita "Belanda Hitam", yaani Waholanzi Weusi. Kwa hiyo usidhani majina haya yana uhusiano wa moja kwa moja na rangi ya ngozi. Yanafuata nani alikuwa upande wa nani.

Sasa neno la mama, "Afrikaner", ambalo kwa Kiswahili ni Mwafrikana, na hili lina historia hapohapo unapoishi. Machi 1707, usiku, vijana wachache wa Stellenbosch walilewa wakafanya fujo kwenye kinu cha kusagia nafaka cha mji. Hakimu mtawala wa wilaya, Johannes Starrenburg, akatoka na fimbo, akawacharaza, akawaamuru waondoke. Mmoja wao, kijana mdogo aitwaye Hendrik Biebouw, akagoma. Akapiga kelele kwamba haendi popote, kwamba yeye ni "Africaander", hata hakimu amuue au amtupe gerezani hatanyamaza. Maneno hayo yaliandikwa katika kumbukumbu za kesi, ndiyo maana tunayo. Ndiyo mara ya kwanza inayofahamika kwa mtu wa asili ya Ulaya kujiita hivyo.

Wanahistoria wa chama cha National, kile kilicholeta utawala wa ubaguzi wa rangi, walimpenda sana mlevi huyu. Walimfanya baba wa taifa, bila kumaliza kumsimulia. Baba yake hakuwa Mholanzi, alikuwa Mjerumani. Dada yake wa kwa baba alizaliwa na mama mtumwa. Na neno lenyewe alilolipayukia, wakati ule lilikuwa linatumika zaidi kwa watumwa waliozaliwa Rasini, kuwatofautisha na walioletwa kwa meli, na kwa watu huru weusi na machotara. Biebouw aliliazima kutoka kwa watu wa chini yake ili kumwambia mtawala: mimi si wa kwenu, ni wa hapa. Hapo ndipo lilipoanzia.

Kama unadhani natia chumvi, tazama Namibia. Katika karne ya 19 watu waliotamba huko kwa jina la Afrikaner hawakuwa Wazungu kabisa. Walikuwa ukoo wa Jager Afrikaner na mwanawe Jonker Afrikaner, viongozi wa Waoorlam, watu wa asili ya Kikhoi na mchanganyiko waliotoka Rasini na farasi na bunduki. Jonker ndiye aliyeweka makao pale ilipo Windhoek leo, mnamo 1840. Ungemwambia mkulima wa Kiholanzi wa zama zile kwamba siku moja jina hilo litakuwa la weupe peke yao, angekushangaa.

Lilibadilikaje? Panda basi dogo hadi Paarl, si mbali na hapo. Agosti 1875 kundi dogo la watu likiongozwa na mchungaji S. J. du Toit liliunda chama cha "Waafrikana wa kweli". Waliokuwa wamebaki Rasini walikuwa chini ya Waingereza tangu 1806. Shuleni na mahakamani ilikuwa Kiingereza, kanisani Kiholanzi cha vitabu, na nyumbani waliongea lugha ambayo wasomi waliiita lugha ya jikoni. Du Toit na wenzake walisema lugha hiyo ndiyo yao. Waliandika kwamba kuna Waafrikana wenye mioyo ya Kiingereza, wenye mioyo ya Kiholanzi, na wenye mioyo ya Kiafrikana. Hawa wa tatu ndio waliowataka. Mwaka 1876 wakaanzisha gazeti. Mwaka 1925 lugha ya jikoni ikawa lugha rasmi ya nchi.

Jikoni kwa nani, lakini? Hapa huwa nachelewa kila ninapofundisha, na leo sitajizuia. Jikoni kulikuwa na watumwa kutoka Madagaska, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na vijakazi wa Kikhoi. Wao ndio waliokipinda Kiholanzi, wakakivua viambishi, wakatia maneno yao. "Baie", neno la kila siku la Kiafrikana lenye maana ya sana au nyingi, ni "banyak" ya Kimalayu. Ndizi ni "piesang", nalo ni la Kimalayu. Na katika madrasa za Cape Town, Waislamu walikuwa wakiandika lugha hiyo kwa herufi za Kiarabu kabla kundi la Paarl halijachapa gazeti lake la kwanza. Kitabu cha dini kilichotungwa kwa namna hiyo na Abu Bakr Effendi, mwalimu aliyetumwa na Waturuki, kilichapwa Istanbul mwaka 1877. Mtu wa Lamu au Unguja aliyewahi kuona utenzi wa Kiswahili katika hati ya Kiarabu angekifungua akajisikia yuko nyumbani. Hata leo, zaidi ya nusu ya watu ambao Kiafrikana ni lugha yao ya kwanza si Wazungu. Kwa hiyo ukisikia mtu anaongea Kiafrikana, hujajua bado kama ni Mwafrikana. Usimwite hivyo mchuuzi wa samaki wa Cape Flats, vitongoji vya Cape Town, kwa sababu ya lugha yake tu. Anaweza kukubali, anaweza kukufokea, na kila jibu lina sababu zake.

Turudi kwa baba. Kuanzia miaka ya 1830 maelfu ya wale watu wa malisho walifunga magari wakaondoka Rasini kwenda kaskazini. Waingereza walikuwa wamekomesha utumwa mwaka 1834, nao hawakutaka kutawaliwa hivyo. Walianzisha jamhuri zao, Transvaal iliyotambuliwa 1852 na Orange Free State 1854. Huko neno Boer likaacha kuwa kazi, likawa uraia. Kisha Waingereza wakawafuata kwa ajili ya dhahabu, na kati ya 1899 na 1902 ikapiganwa vita ambavyo vitabu vyetu vya historia vinaviita Vita vya Makaburu. Waingereza walichoma mashamba, wakawafungia wake na watoto kambini; zaidi ya 26,000 walikufa, wengi wao watoto wadogo. Waafrika weusi nao walifungiwa kambi zao na wakafa kwa maelfu. Vifo vyao havikujengewa mnara kwa miongo mingi.

Vita hivyo vilizaa majina ya ndani kwa ndani ambayo mpaka leo hayajapoa. Aliyepigana hadi siku ya mwisho ni "bittereinder", wa mwisho mchungu. Aliyejisalimisha mapema ni "hensopper". Litamke polepole na utalisikia: ni ile "henzapu" ya watoto wetu wakicheza polisi na majambazi, mikono juu. Kuna familia zilizokataa kuoana kwa vizazi kwa sababu babu wa upande mmoja alikuwa "hensopper". Kwa hiyo mumewe mwenye nyumba aliposema yeye ni Boer wala haoni haya, nakisia wazee wake ni wa Free State au Transvaal, na mkewe ni mtu wa Rasini. Muulize siku moja mkiwa na chai. Nikikosea niandikie.

Neno lake lina upande mwororo pia. "Boerewors" ni soseji ambayo utaila kwenye kila nyama choma ya nchi hiyo, uwe kwa Mzulu au kwa Mhindi. Husemwa pia kwamba "Boer" hakosi mpango, yaani mtu wa shamba akivunjikiwa na gari porini atalifunga kwa waya lifike. Hayo ndiyo anayoyasikia yeye akijiita. Lakini nenda Cape Flats useme "die boere" wanakuja, watoto watakimbia, kwa sababu huko maana yake ni polisi. Gerezani maana yake askari jela. Mzee anasikia waya na soseji. Wao wanasikia buti mlangoni. Neno ni lile lile.

Sasa tufike kwenye lako. Waafrika walilichukua "boer" kila mmoja kwa sikio lake. Wazulu na Waxhosa walisema "ibhunu", wengi "amaBhunu". Wasotho na Watswana walisema "leburu", wengi "maburu". Hilo la Wasotho liweke kando ya Kaburu na Makaburu uone undugu wao. Ni majina waliyopewa na waliotendwa, si waliyojichagulia. Kwa Mzungu kwa jumla wana maneno mengine, "umlungu" kwa Wazulu na "lekgoa" kwa Wasotho. Mtu wa Kilifi akisikia "umlungu" hushtuka, maana kwa Wamijikenda Mlungu ni Mwenyezi Mungu. Mwambie atulie, huku ni Mzungu tu anayenunua mkate.

Afrika Mashariki tuliwaona Makaburu kwa macho kabla ya kuwasikia redioni. Baada ya kushindwa vita, baadhi yao hawakutaka kuishi chini ya bendera ya Uingereza, wakaja kwa Wajerumani, wakapewa ardhi karibu na Mlima Meru, Arusha, kuanzia mwaka 1904 hivi. Mwaka 1908 kundi kubwa likiongozwa na Jansen van Rensburg lilishuka Mombasa kwa meli, likapanda treni hadi Nakuru, kisha likafunga magari ya ng'ombe kupanda uwanda wa Uasin Gishu. Mji uliokua pale kwenye shamba namba 64 ndio Eldoret, na wazee wa huko bado wanauita Sisibo, kutoka hiyo sitini na nne ya Kiingereza ilivyowaingia masikioni. Walilima ngano, wakajenga kanisa lao, na uhuru wa Kenya ulipokaribia wengi wakauza wakarudi kusini.

Lakini Kaburu unayemjua wewe hakutoka Eldoret. Alitoka kwenye redio ya babu yako. Mwaka 1948 chama cha National kilishinda uchaguzi ambao weusi karibu wote hawakupiga kura. Mwaka 1950 kikapitisha sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi. Mweupe, ilisema sheria ile, ni mtu anayeonekana waziwazi kuwa mweupe au anayekubalika kwa jumla kuwa mweupe. Soma tena. Sheria ya nchi nzima ilisimama juu ya macho ya karani. Mabango ya mabenchi na vyoo yaliandikwa kwa Kiafrikana "Blankes", weupe, na kwa Kiingereza "Europeans", Wazungu wa Ulaya. Mtu ambaye babu wa babu yake hakuwahi kuiona Ulaya alikaa kwenye benchi la Wazungu wa Ulaya, halafu Jumapili kanisani akahubiriwa kwamba yeye ni Mwafrikana, mwana wa Afrika.

Sisi huku hatukuwa na haja ya maneno mengi. Lilitosha moja. Wapigania uhuru wa ANC walikuwa Kongwa, baadaye Mazimbu pale Morogoro, na mkutano wao mkubwa wa 1969 ulifanyika Morogoro hiyohiyo. Redio ilitangaza Makaburu wameshambulia Matola, Januari 1981. Wameshambulia Maseru, Desemba 1982. Wameshambulia Gaborone, Juni 1985. Katika sentensi hizo Kaburu hakuwa mkulima wala kabila. Alikuwa dola, jeshi, komandoo wa usiku. Nami nikiwa kijana niliamini neno lenyewe limetoka kwenye "kaburi". Si kweli, ila nadhani wengi wa rika langu walilisikia hivyo, na huenda ndiyo maana lilitukaa vizuri mdomoni.

Baadaye, wawekezaji kutoka Afrika Kusini walipoanza kuja miaka ya 1990, vijiweni wakaitwa Makaburu wote, hata meneja Mhindi wa Durban. Na bosi mkali, hata akiwa Mnyakyusa kama wewe, akaitwa kaburu. Lugha huendesha mambo yake hivyo, na mimi siizuii. Lakini wewe umeuliza kama ni tusi.

Jibu langu: kamusini si tusi, mezani kwa mtu ni tusi. Kama unaandika tasnifu kuhusu Vita vya Makaburu, liandike hivyo, ndilo jina lililozoeleka katika Kiswahili na hakuna haja ya kubuni jingine. Ukiandika utawala wa Makaburu kwa maana ya serikali ya 1948 hadi 1994, sawa pia, wasomaji wako watakuelewa barabara. Ila ukimwelekezea mtu aliye hai, mwenye jina lake, unamvisha sare ambayo hujui kama aliwahi kuivaa. Chukua Bram Fischer. Babu yake aliongoza serikali ya koloni la Orange River, ndiyo Free State chini ya Waingereza, baada ya vita, baba yake alikuwa jaji mkuu wa Free State. Mwafrikana wa ngazi ya juu kabisa. Yeye ndiye aliyeongoza mawakili wa Mandela katika kesi ya Rivonia, na mwaka 1966 akahukumiwa kifungo cha maisha kwa kupigana na serikali ya watu wake. Au mchungaji Beyers Naudé, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Broederbond, chama cha siri cha Waafrikana. Aliacha mimbari yake kwa kupinga ubaguzi, na mwaka 1977 serikali ikampiga marufuku kuonekana hadharani. Kuwaita hawa Makaburu ni kuwapa jina la waliowafunga.

Kuna kosa la upande mwingine ambalo wafasiri wetu hulifanya kila siku, la kumwita Kaburu kila Mzungu wa Afrika Kusini. Karibu wanne katika kumi kati ya Wazungu wa huko huongea Kiingereza nyumbani. Kuna wazao wa walowezi wa Kiingereza wa 1820, Wayahudi waliotoka Lithuania kama mpigania uhuru Joe Slovo, Wagiriki, Wareno waliokimbia Msumbiji na Angola mwaka 1975. Waafrikana wenyewe wana jina kwa Mwingereza, "rooinek", shingo nyekundu, kwa jinsi jua lilivyomchoma. Wana jingine linalohusu mtu aliyesimama mguu mmoja Ulaya na mmoja Afrika, na kile kinachoning'inia katikati kikilowa chumvi ya bahari. Hilo kijana wa nyumba atakueleza mama yake akiwa ametoka. Waingereza nao humwita Mwafrikana "Dutchman", na usithubutu kufuata mfano wao, kwa maana linatamkwa kwa dharau. Ajabu ya mambo, ukimwita hivyo Mholanzi halisi wa Amsterdam hakasiriki.

"Ibhunu" nalo limefikishwa mahakamani. Kuna wimbo wa zamani wa mapambano usemao "dubul' ibhunu", mpige risasi Boer. Mwaka 2011 Mahakama ya Usawa iliamua kuuimba ni maneno ya chuki. Mwaka 2022, katika kesi nyingine, mahakama ya aina hiyohiyo ikaamua si chuki, ni sehemu ya historia ya mapambano, na mahakama za juu hazikuutengua uamuzi huo. Majaji wameligeuza neno hilo moja huku na huku. Nawe mpangaji wa chumba kimoja usijilaumu sana.

Amebaki kijana. Anasema yeye ni Mwafrika, na najua kuna watakaomcheka, kwake na kwetu. Kwa Kiafrikana kuna maneno mawili, "Afrikaner" na "Afrikaan", na wazee wake walitumia miaka mingi kuyatenganisha, la kwanza lao na la pili la weusi. Kwa Kiswahili tofauti yenyewe ni silabi moja, Mwafrika na Mwafrikana. Je, anaruhusiwa kuidondosha? Robert Sobukwe, kiongozi wa wapigania uhuru wa chama cha PAC, ambaye hakuna anayeweza kumwita kibaraka wa Wazungu, alisema mwaka 1959 kwamba kila ambaye utii wake ni kwa Afrika peke yake na aliye tayari kukubali utawala wa walio wengi ahesabiwe kuwa Mwafrika. Thabo Mbeki, tarehe 8 Mei 1996, siku bunge linapitisha katiba mpya, alisimama akasema yeye ni Mwafrika, na katika kujihesabia mababu akajiita pia mjukuu anayeweka maua mabichi kwenye makaburi ya Maboer waliofia kifungoni St. Helena. Mimi binafsi namkubalia kijana huyo, kwa masharti ya Sobukwe, yote mawili. Sharti la pili ndilo wengi hulisahau.

Sasa uwaiteje? Ukiandika, andika Mwafrikana, Waafrikana, na lugha yao Kiafrikana. Boer umwachie mzee alitumie mwenyewe; kujiita ni haki yake, kumwita si yako mpaka akuombe. Kaburu libaki kwenye tasnifu.

Lakini nyumbani wala huhitaji lolote kati ya hayo. Ungekuwa Mbeya usingemwita mama mwenye nyumba kwa kabila lake. Waafrikana wanafanana nasi katika hilo kuliko Waingereza walivyofanana na yeyote: mtoto kwao hamwiti mtu mzima kwa jina tupu. Mwanamume ni "Oom", mwanamke ni "Tannie", hata kama hamna undugu, kama sisi na mjomba na shangazi. Zamani mtu mweusi hakutarajiwa kutumia maneno hayo. Alitakiwa aseme "Baas" na "Miesies", na yeye mwenyewe, hata awe na mvi, akaitwa "boy". Kwa hiyo kesho asubuhi ukiingia jikoni, sema "Môre, Tannie." Ataelewa umesema nini, na mumewe ataelewa zaidi. Wapo akina mama wasiolipenda, husema linawazeesha. Akikwambia hivyo cheka naye, akupe jina analolitaka.

Na simu za mama Mbeya, pigia chumbani.